Gauni jeupe, video ya njano!

Msomaji wangu wa Temeke kauliza: kwa nini gauni la bibi harusi hutoka la njano kwenye video? Swali limenichoma, maana mwenzenu yalishanikuta! Bwana harusi aligoma kunimalizia pesa yangu, na kosa lilikuwa langu. Mwanga wa balbu ya waya una wekundu mwingi kuliko wa jua. Ubongo wetu huurekebisha wenyewe, kamera haijui mpaka uielekeze. Dawa? Ukiingia ukumbini, ielekeze kwenye karatasi nyeupe chini ya taa zilezile, bonyeza kitufe cha kupima weupe. Ukitoka nje, rudia. Karatasi moja tu, jamani, ilinikosesha kodi ya chumba! Haya, tukutane wiki ijayo.