Baridi Yaja: Tuwatunze Punda Wetu



Kila tarehe 13 Juni Kanisa huadhimisha sikukuu ya Mtakatifu Antoni wa Padua, aliyefariki mwaka 1231. Katika masimulizi ya kale juu yake mna habari za nyumbu mmoja. Yasemwa kwamba huko Rimini, katika nchi ya Italia, mtu mmoja alikana kuwa Yesu yumo kweli katika Ekaristi Takatifu. Akamfungia nyumbu wake siku tatu bila chakula, kisha akamtoa nje mbele ya watu na kumwekea majani. Upande wa pili alisimama Mtakatifu Antoni akiishika Sakramenti. Nyumbu yule, pamoja na njaa yake, aliyaacha majani akapiga magoti mbele ya Bwana wake.

Nyumbu huyo si yule wa porini mnayemjua, aendaye makundi makundi huko Serengeti. Ni mnyama azaliwaye na punda dume na farasi jike. Hapa kwetu ni wachache sana. Lakini baba yake, yaani punda, tunaye nyumbani, nasi twamtwika mizigo kila siku. Nisikiapo masimulizi hayo wengi husifu magoti ya mnyama yule, nao wasifu kwa haki. Mimi siku hizi huzifikiri pia zile siku tatu za njaa. Mtu yule alimtesa mnyama wake kwa makusudi. Sisi huwatesa wetu kwa kusahau tu, na mara nyingi ni katika mwezi huo huo wa Juni, baridi inapoanza.

Nitawaeleza jambo lililonifundisha. Mwaka jana, katika daftari la mafundisho ya Kipaimara, niliona msichana mmoja wa miaka 12 hakuhudhuria Jumamosi nne mfululizo. Nilikwisha kushika kalamu nyekundu ili nilikate jina lake. Lakini kwa kuwa nilikuwa na barua ya kupeleka kigangoni kwao, nikapita nyumbani kwa baba yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, karani. Karibu ukae."

Nikamwuliza habari za mtoto. Mzee hakujibu upesi. Akanionyesha njiani, na huko nikamwona msichana mwenyewe akipanda mlima na ndoo ya maji kichwani, miguu mitupu, amejitanda kanga iliyolowa.

"Punda wetu alikufa," akasema mzee. "Punda wa nyumba hii sasa ni huyu."

Nikaketi, akanieleza. Mvua za mwisho za Mei zilimkuta punda akibeba mahindi kutoka shambani. Mchana alibeba, usiku alifungwa chini ya mti, amelowa. Siku moja akakataa kula. Siku ya pili akasimama peke yake, kichwa chini. "Tulidhani ni ukaidi," mzee akasema. Siku ya tatu hakuamka.

Niliondoka pale nikimhukumu mzee moyoni. Lakini jioni ile nilipofika kwangu, nikamwendea punda wangu aliyefungwa nyuma ya jiko, nikapitisha mkono juu ya mgongo wake. Chini ya manyoya mifupa ilisimama kama vijiti vya tenga. Macho yangu yalikuwa yameona manyoya tu, yakaniambia punda amenona. Basi sikuwa na haki ya kumhukumu mtu.

Tangu siku ile nimeuliza mabwana mifugo na wazee wafugaji, nami nawapeni niliyoyapata, hasa ninyi mnaokaa penye baridi: Mbulu, Hanang, Karatu, Njombe, hata Makete, ambako katika uwanda wa Kitulo umande huganda baadhi ya asubuhi za Juni na Julai.

Kwanza tumjue punda ni nani. Wazazi wake wa kale walikuwa punda-mwitu wa nchi kavu za kaskazini-mashariki ya Afrika, na watu wamewafuga kwa zaidi ya miaka 5,000. Mwili wake uliumbwa kwa jua na ukavu. Farasi wa nchi za baridi, kipupwe kinapokaribia, huota manyoya mazito sana. Manyoya ya punda hayabadiliki kiasi hicho, wala hayazuii maji vizuri. Mvua huyapenya mpaka kwenye ngozi. Nyumbu yuko katikati ya wazazi wake wawili. Kwa hiyo baridi kavu punda mzima aweza kuivumilia. Maji pamoja na upepo ndiyo yamwuayo.

Labda utasema, mbona punda wa babu zetu waliishi? Hapa Mbulu wazee walijenga tembe, na mifugo ililala chini ya dari moja na watu. Usiku wa baridi wote walipashana joto. Leo tumejenga nyumba za matofali na bati, tena ni vizuri, kwa afya na kwa usafi. Lakini tulipohamia nyumba mpya tulimwacha punda nje, wala hatukumjengea kitu. Basi na tumjengee.

Banda la punda halina gharama kubwa. Kwa punda wawili yatosha hatua nne kwa tatu. Simika miti, ezeka kwa nyasi au bati, kisha ziba pande tatu, ukianza na ule utokako upepo. Upande wa nne uache wazi, maana punda huogopa kuingia gizani, tena banda lililofungwa kabisa hujaa harufu kali ya mkojo, nayo huharibu mapafu. Usiwashe moto ndani ili kumpasha joto. Moshi nao ni adui wa mapafu. Inua sakafu kwa mawe na udongo, uifanye iteremke kidogo ili maji yatoke. Juu yake tandaza nyasi kavu. Kila asubuhi ondoa zilizolowa, maana punda asimamaye katika matope huoza kwato, na punda mwenye kwato mbovu hana faida kwako wala kwake.

Kama una punda wawili waliozoeana, usiwatenge. Husimama pamoja na kupashana joto, na mmoja akiondolewa mwenzake huweza kukataa chakula kwa huzuni.

Sasa chakula. Watu wengi hudhani kwamba katika baridi punda ahitaji pumba nyingi. Sivyo. Joto la punda hutoka hasa katika majani makavu na mabua. Vitu hivyo vigumu huchachuka polepole katika utumbo wake mpana, na katika kuchachuka huko hutoka joto, kama lilivyo joto la lundo la samadi. Punda mwenye mabua ya kutafuna usiku ni kama nyumba yenye moto mekoni. Basi jioni mjazie mabua, majani ya maharage yaliyokauka vizuri, au nyasi kavu, kiasi cha kumfikisha alfajiri. Pumba mpe kidogo tu, hasa kwa punda mzee, aliyekonda au anyonyeshaye. Zikizidi humletea ugonjwa wa tumbo na maumivu ya kwato. Chumvi pia asikose.

Hapa nataka mnisikilize vema. Baada ya mavuno kila nyumba ina mahindi yaliyooza au kuota kuvu, nasi twasema, "Haya ni ya mifugo." Usimpe punda hata kidogo! Katika kuvu ya mahindi mna sumu iharibuyo ubongo wa punda, farasi na nyumbu. Mnyama hupepesuka, hugonga kuta kama kipofu, kisha hufa, wala hakuna dawa ya kumponya. Ng'ombe huweza kula mahindi hayo asidhurike sana, na ndiyo maana watu hudanganyika. Mabua nayo yatazame: yaliyo meusi na yenye vumbi la kuvu yapeleke kwenye shimo la mbolea.

Maji je? Katika baridi punda hupunguza kunywa, hasa maji yakiwa baridi sana. Asipokunywa, yale mabua hukauka tumboni na kumziba. Ukiona mavi yake ni machache, madogo na makavu, ujue hatari yaja. Dawa yake ni rahisi: asubuhi changanya birika la maji ya moto katika ndoo ya maji baridi, mpaka mkono wako usione ubaridi mkali. Au acha ndoo juani, umpe saa sita mchana. Si haki kwamba yeye achotaye maji ya nyumba nzima alale na kiu.

Tena kazi. Punda akifika na jasho au mvua, mwondolee tandiko mara moja, umsugue kwa fungu la nyasi kavu mpaka manyoya yasimame. Usimwache amesimama katika upepo nje ya duka huku wewe ukiongea. Tandiko lililolowa lianike. Ukilirudisha bichi asubuhi humchubua mgongo. Wengine huuliza juu ya kumfunika gunia. Ni vema kwa mtoto wa punda, kwa mzee na kwa mgonjwa, lakini mnyama awe mkavu kwanza na gunia liwe kavu. Lifunge kwa kitambaa kipana, si kamba nyembamba, na jua likitoka liondoe. Mfuko wa nailoni usitumie, maana humtoa jasho, na jasho likipoa ni sawa na mvua.

Mwisho, kumtazama. Punda haombi, wala halalamiki. Huficha maumivu yake, kwa maana porini mnyama aonyeshaye udhaifu ndiye aliwaye kwanza. Kwa hiyo usitegemee macho. Kila Jumamosi mpapase mbavu, mgongo na makalio. Yafaa uziguse mbavu kwa kubonyeza kidogo. Zikijitokeza zenyewe chini ya mkono, amekonda. Chambua manyoya utafute chawa, ambao huongezeka wakati wa baridi. Bwana mifugo atakwambia juu ya dawa ya minyoo na juu ya meno, kwa sababu punda mzee mwenye meno mabovu hufa njaa mbele ya mabua mengi.

Na akikataa chakula, usiseme ni ukaidi. Punda asiyekula, hasa aliyenona au mwenye mimba, mafuta ya mwili wake huanza kumwagika katika damu, yakaharibu ini. Siku moja bila kula ni sababu ya kumwita bwana mifugo. Siku ya tatu huwa tumechelewa, kama alivyochelewa mzee wetu.

Tena tukumbuke kwamba aliyefiwa na punda hapati mwingine kwa urahisi. Biashara ya ngozi za punda imewapunguza sana barani kwetu, hata wakuu wa Umoja wa Afrika, mwezi wa Februari 2024, wakakubaliana kukataza punda kuchinjwa kwa ajili ya ngozi. Na punda akikosekana mzigo wake haukosekani. Huhamia juu ya kichwa cha mama, na mama akichoka huhamia kwa binti. Kwa hiyo banda la punda ni jambo la watoto wetu pia, na la masomo yao na mafundisho yao.

Mtauliza yaliyompata yule msichana. Jina lake sikulikata. Niliwaeleza wenzao wa jumuiya, na watu wawili wenye punda wakashika zamu kuwachotea maji, mmoja leo, mwingine kesho. Jumamosi iliyofuata msichana akarudi, akaketi mbele kabisa. Punda wao wawili sasa wanalala chini ya paa, kwa kuwa wenyewe walisema hawataki kuwa wa pili.

Kitabu cha Mithali chatufundisha kumtambua mtu mwema hata kwa jinsi amtunzavyo mnyama wake. Na kila Noeli tunapopanga pango kanisani, kama Mtakatifu Fransisko alivyofanya pale Greccio mwaka 1223, twamwekea punda nyasi kavu, tukachagua zile nzuri. Punda yule ni wa udongo, hasikii baridi. Aliye nyuma ya jiko lako anaisikia.

Basi, ndugu msomaji, jioni ya leo kabla ya kuanza Rozari, toka nje pamoja na watoto. Wekeni mkono juu ya mgongo wa punda wenu. Kama ni mkavu, mshukuruni Mungu. Kama umelowa, tafuteni nyasi mmsugue kwanza. Rozari itawangoja kidogo.

Mungu awabariki nyote.