Mwandishi wa mapenzi si kichekesho

Hivi jamani, kwenye michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, kwa nini kila mtu anataka kuwa mbeba upanga? Wewe taja mwandishi wa riwaya za mapenzi aliyeguswa na fae, wale viumbe wa ngano za Ireland na Uskoti, uone meza inavyoangua kicheko.

Mimi sicheki. Chukua Changeling: The Dreaming, mchezo wa White Wolf wa mwaka 1995. Humo fae wanaishi kwa Glamour, nguvu inayotoka kwenye ndoto na ubunifu wa binadamu. Kinachowamaliza ni Banality, ule ukavu wa maisha yasiyo na ndoto. Sasa niambieni, nani anawalisha? Mwenye upanga? Ni huyo dada anayekesha na busu la sura ya 12, mswada unadaiwa kesho, kodi ya nyumba imepita tarehe. Tena kanuni zinaruhusu fae amnyang'anye msanii Glamour kwa nguvu. Kwa hiyo huyo anayemnong'oneza hadithi usiku ni mpenzi au mnyonyaji? Hapo ndipo penye mchezo wenyewe.

Hata Dungeons & Dragons, katika Tasha's Cauldron of Everything (2020), kipaji cha Fey Touched kinampa mtu uwezo wa kutoweka na kuibuka futi 30 mbele, pamoja na uchawi mmoja wa kuagua au wa kuteka akili za watu. Kuteka akili! Mwandishi wa mapenzi anafanya kazi gani nyingine?

Kinachowachekesha ni neno "mapenzi" tu, na wengi wao riwaya hizo wanazisoma kwa kujificha. Msimamizi wa mchezo akikukatalia, mwambie akuonyeshe kanuni uliyovunja.