Mawingu ya Saa 8 Mchana



Mwezi uliopita niliahidi kwamba tutaendelea na habari za lishe ya mtoto aliyeachishwa ziwa. Naomba mnivumilie, tutarudi huko. Kiangazi kinaisha, joto limezidi, na huku kwetu kando ya Ziwa Victoria kila mtu anatazama juu akiuliza mvua itakuja lini. Nami nimeona yafaa tutazame pamoja, maana katika miaka yangu ya kazi, majuma ya kwanza ya vuli ndiyo yaliyoniletea wagonjwa waliopigwa na radi.

Nina jirani, mwalimu mstaafu. Kila siku saa 3 asubuhi, awe mzima au mgonjwa, huenda nyuma ya nyumba yake kusoma kipimamvua. Saa hiyo ndiyo wanayosoma waangalizi wa mvua mahali pengi. Huandika milimita katika daftari. Milimita 1, akina mama, ni lita 1 ya maji juu ya kila mita 1 ya mraba ya shamba lako, kwa hiyo si kitu kidogo. Pembeni huandika upepo umetoka wapi, usiku ulikuwa na joto namna gani, na ngurumo ya kwanza imesikika saa ngapi. Majirani humcheka. Wanasahau kwamba mvua ya nchi hii imepimwa tangu zamani na watu wa namna yake: walimu, wamisionari na mabwana shamba, kila mmoja na chombo chake na kalamu yake.

Jioni moja alinionyesha kurasa za Oktoba za miaka kadhaa. Nilisoma ile safu ya ngurumo tu. Saa 8 mchana, saa 9, saa 9 na nusu, saa 10. Asubuhi karibu hakuna kitu.

Alinieleza hivi. Mwishoni mwa Septemba jua hupita juu ya ikweta, na nchi kavu hupata moto upesi kuliko maji. Hewa iliyopashwa moto hupanda. Hewa yenye unyevu kutoka ziwani huja kushika nafasi yake, nayo hupanda. Adhuhuri utaona mawingu meupe madogo, kama pamba iliyofumuka. Yakizidi kwenda juu kuliko kwenda upande, jihadhari. Kilele chake kikitandazika bapa kama fuawe la mhunzi, wingu limekomaa. Ndani yake chembe za barafu zinagongana na kutengana na umeme wake. Upepo wa baridi ukikupiga usoni ghafla na vumbi likainuka, umekwisha kuchelewa. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa, ziwa hubaki na joto, na pepo za kila upande huelekea majini na kukutana huko. Wake wa wavuvi wa dagaa wanazijua dhoruba za usiku kuliko mimi.

Kabla ya radi, neno moja juu ya joto lenyewe. Tafadhali, huyo mtoto mchanga mvueni kofia ya sufu na blanketi la pili mchana. Mtoto aliye chini ya miezi 6 hahitaji maji. Anyonyeshwe mara nyingi zaidi. Akilegea, akikojoa kidogo mno, au utosi ukibonyea, usingoje jioni ipoe. Mpeleke kituo cha afya.

Sasa turudi kwenye daftari. Saa 8 hadi saa 11 ni saa gani nyumbani kwako? Watoto wako shuleni au njiani. Wewe uko shambani, kisimani au gulioni. Kwaya inafanya mazoezi. Ndiyo maana radi huua watu wa namna fulani: wanafunzi, wakulima, na watu waliokusanyika kuomba. Oktoba 2018 wanafunzi 6 walikufa katika shule moja mjini Geita. Uganda, Juni 2011, walikufa wanafunzi 18 wa shule ya msingi Runyanya, wilaya ya Kiryandongo. Rwanda, tarehe 10 Machi 2018, waumini 16 waliuawa wakiwa kanisani wilayani Nyaruguru. Novemba 2024, katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, kaskazini mwa Uganda, watu 14 walikufa wakiwa katika maombi.

Mtu akisikia habari kama hizi huuliza: mbona wengi kwa mara moja? Hapo ndipo maneno ya uchawi yanapoanza, na bibi kizee fulani mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni hutajwa. Jibu ni ardhi. Radi ikipiga mti au jengo, umeme wake hauishii pale; husambaa ardhini kama maji yaliyomwagika, na humpita kila aliyesimama karibu, ukipanda mguu huu na kushukia mguu ule. Ng'ombe, ambao miguu yao ya mbele na ya nyuma imeachana sana, hufa zizi zima. Hakuna aliyetumwa na hakuna aliyelengwa. Hali kadhalika, zile alama nyekundu kama matawi ya jimbi zinazoonekana kwa baadhi ya waliopigwa si maandishi ya mchawi. Ni njia ya umeme katika ngozi, nazo hufutika baada ya saa chache au siku moja mbili. Nimewahi kuona familia ikimwondoa mgonjwa wodini kwa ajili ya alama hizo ili apelekwe kwa mganga. Nilisema mpaka sauti ikakauka, wakaondoka naye.

Mwanga na ngurumo hutoka pamoja, lakini sauti huchukua kama sekunde 3 kwa kila kilomita. Ukiona mwanga, hesabu. Ngurumo ikifika kabla ya 30, radi iko ndani ya kilomita 10, na iliyo umbali huo yaweza kukupiga wewe hata kama juu yako jua linawaka. Ingia ndani. Usitoke hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Hizo dakika 30 ndizo zinazotushinda, kwa kuwa nguo ziko kambani na mahindi yako uani.

Ndani ya wapi? Hapa sitawadanganya, nyumba zetu nyingi hazitoshi. Jengo kubwa lenye nyaya za umeme na mabomba ukutani ni bora. Gari lenye bodi ya bati pande zote, basi au daladala, ni zuri pia, madirisha yakifungwa. Bodaboda si gari. Kibanda cha shambani, banda la soko na mwembe ni hatari kuliko kulowa. Bati peke yake juu ya ukuta wa udongo halikingi, kwa sababu umeme ukilipiga hutafuta njia ya kushuka, na njia iliyo karibu huwa ni mtu. Kama huna pengine, kaa mbali na ukuta na mlango, na usiguse simu iliyo kwenye chaji. Mkiwa uwandani, tawanyikeni, msishikane mikono. Kufunika kioo na kuvua kanga nyekundu hakuzuii lolote, ingawa sitagombana na mama mkwe wa mtu.

Na mtu akipigwa, mguse. Naomba hili likae. Mwili wake hauna umeme. Mwaka mmoja waliletwa kwetu kituoni mama na binti yake, waliopigwa chini ya mti mmoja. Mama alikuwa akilia na kulalamika miguu haina nguvu, basi watu wakamhudumia yeye. Binti alikuwa kimya, wakadhani amekwisha, na wengine wakaogopa kumsogelea. Alikuwa na umri wa miaka 13. Mpaka anafika kwangu hapakuwa na la kufanya. Mama alitembea tena siku ya pili.

Katika ajali nyingine tunamkimbilia anayepumua. Katika radi tunamwanza aliye kimya, kwa sababu moyo mara nyingi hurudi wenyewe ilhali pumzi haijarudi, na moyo hausubiri pumzi kwa muda mrefu. Ngoja radi isogee kama mpo mahali pa hatari, au mburute hadi palipo salama, kisha mlaze chali. Bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu na kwa haraka, mara 30, halafu mpulizie pumzi 2 mdomoni ukimbana pua. Endelea hivyo, mkipokezana, hadi apumue au mfike hospitali. Wengi wa wanaopigwa na radi hawafi. Wafike kupimwa hata wakisema ni wazima, hasa masikio na moyo.

Kanisa letu lina bati jipya na halina kinga ya radi, yaani fimbo ya chuma juu ya paa na waya mnene wa kuteremsha umeme ardhini. Ilikuwapo zamani, waya wa shaba ukaibwa. Nilitoa hoja katika kikao cha Agosti, zikanunuliwa spika. Kwaya ya akina mama tumehamishia mazoezi Jumamosi asubuhi, na hoja nimeiomba irudi kwenye kikao cha Oktoba. Mwalimu amesema atakuja na daftari lake. Kikao kimepangwa saa 9 alasiri.