Mtepe na Msamiati Wake
Mwanafunzi wa Kiswahili aweza kusimulia merikebu za Waviking, zilizopigiliwa misumari ya chuma. Ile ya Gokstad ilifukuliwa Norway mwaka 1880 na ingali imehifadhiwa. Aulizwapo kuhusu mtepe hunyamaza. Chombo hicho kilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, tanga lake la mraba likiwa la miyaa, nacho kilileta boriti za Lamu hadi Mombasa. Mitepe imekwisha. Msamiati wa ubaharia, yaani mkuku, taruma, foromali, joshi na demani, ungalipo vinywani mwa wazee wa Mji wa Kale, na wazee hawangojei semina. Idara iliyopata fedha za istilahi za kompyuta haina udhuru wa kutowatuma wanafunzi wawili, na daftari, Bandari ya Kale.