Mkosaji Aweza Kuwa Mlezi?

Mpenzi msomaji, wahenga walinena kwamba njia ya mwongo ni fupi. Leo nakuletea kisa cha njia ya uongo iliyodumu zaidi ya miaka kumi, ili tuone kama mwisho wake una funzo kwetu sisi tuleao.

Rolf Aldag alizaliwa mwaka 1968 katika mji wa Beckum, Ujerumani. Aliingia katika mbio za baiskeli za kulipwa mwaka 1991, na tangu 1993 hadi alipostaafu mwaka 2005 aliitumikia timu moja, Telekom, ambayo baadaye iliitwa T-Mobile. Mwaka 2000 alikuwa bingwa wa Ujerumani, lakini kazi yake hasa ilikuwa kuwasaidia wenziwe: kuwakinga na upepo na kuwaongezea mwendo. Aliyenufaika sana ni rafiki yake Erik Zabel, aliyetwaa fulana ya kijani ya mbio za kuzunguka Ufaransa mara sita mfululizo.

Mwaka 2006 Aldag akakabidhiwa umeneja wa timu ile ile. Aliwekwa awaongoze vijana washindane bila ya dawa. Kumbe kifuani mwake mlikuwa na siri! Yeye mwenyewe alikwisha kutumia EPO, dawa izidishayo chembe nyekundu za damu ili misuli ipate oksijeni kwa wingi. Naye hapo nyuma alikuwa amekana.

Tarehe 24 Mei 2007, mjini Bonn, Aldag na Zabel walikaa mbele ya waandishi wa habari wakakiri. Zabel alitokwa na machozi. Lakini tusiwasifu kupita kiasi, ndugu msomaji: siku chache tu kabla ya hapo, wenzao wa zamani walikuwa wamekwisha kuanza kuifichua siri hiyo. Ukuta ulikuwa umepasuka nao wangali ndani.

Timu haikumfukuza Aldag. Mwezi Novemba mwaka huo huo kampuni iliyoifadhili ikajitoa. Hata hivyo timu iliendelea kwa majina mengine hadi 2011, Aldag akiwa miongoni mwa viongozi wake, na mwaka huo Mark Cavendish akaipatia fulana ya kijani.

Je, ilikuwa haki kumwachia vijana mtu wa namna hiyo? Anayesema hapana ana hoja, kwani wako walioshindana kwa jasho lao tupu wakapitwa na waliotumia dawa, na ungamo haliwarudishii ushindi wao. Mimi naona kwamba aliyekwisha kupotea aweza kuionyesha njia mbaya ilipoanzia, mradi kwanza akiri kwamba aliipita.

Nasi majumbani tunayo yetu. Mtoto akikuuliza juu ya kosa la ujana wako, usimjibu kwa ukali wala kwa hadithi ya kubuni. Mweleze wewe, kabla hajaelezwa na jirani. Ungamo linalosubiri ukuta upasuke huwa limekwisha kupoteza nusu ya thamani yake.