JUA, MAJI NA CHEMBE ZA DHAHABU

Makaa ya mawe ya Ngaka, wilayani Mbinga, husafirishwa kwa malori mamia ya kilomita hata bandari ya Mtwara, yakapakiwe melini. Na huku Mbamba Bay na Liuli jua huyapiga maji ya Ziwa Nyasa tangu asubuhi hata jioni, wala hakuna alitozaye ushuru.

Mwaka 1972 Wajapani wawili, Akira Fujishima na Kenichi Honda, walionyesha ya kuwa mwanga ukiipiga oksidi ya titani iliyomo majini, maji hugawanyika yakatoa hidrojeni na oksijeni. Oksidi hiyo ni ule unga mweupe utiwao katika rangi za nyumba, na titani imo katika chuma cha Liganga, Ludewa, jirani zetu wa ziwa hili hili. Hidrojeni nayo ndiyo itengenezwayo amonia, na amonia ndiyo mama wa mbolea ya urea. Mkulima wa Mbinga, ambaye bei ya mfuko wa mbolea humnyima usingizi, hana haja ya kuelezwa zaidi.

Lakini unga huo una kasoro mbili. Hutumia sehemu ndogo tu ya mwanga wa jua, kama tano katika mia. Tena elektroni zilizorushwa na mwanga hurudi upesi mahali pake kabla ya kufanya kazi. Ndipo wataalamu wakabandika juu yake chembe za platini au dhahabu, ndogo mno hata milioni moja zikipangwa mstari hazizidi milimita chache. Chembe hizo huzidaka elektroni na kuzikabidhi kwa maji. Dhahabu huunasa hata mwanga tuuonao kwa macho. Platini ina ukaidi wake: huziunganisha tena hewa hizo mbili zikawa maji, basi yapasa ivikwe gamba la oksidi ya kromi.

Tusidanganyane. Mwaka 2021 Wajapani walitangaza matokeo ya mtambo wa meta mraba 100, wenye unga wa namna nyingine na chembe za rodi. Ulipofanya vizuri kabisa ulipata 0.76 katika mia ya nguvu ya jua. Hata moja haikufika! Ajaye ufukweni kwetu na mkataba mkononi, akiahidi mtambo kama huo mwakani, na aulizwe maswali mengi kabla ya kupewa kalamu.

Hata hivyo hatukubali kungoja tumekunja mikono. Taifa letu huuza dhahabu kwa uzito, na katika unga huu dhahabu haizidi sehemu moja au mbili katika mia. Thamani iliyobaki ni maarifa. Mwaka 2014 wananchi walichangishwa ili kila sekondari ya kata ipate maabara tatu. Wanachama wa Mbinga na Nyasa, kikao kijacho cha tawi, kabla ya mengineyo, ulizeni: katika maabara ya kemia mliyoichangia, bomba linatoa maji? Dawa zimo? Mwalimu yupo?