Beni na Butembo: Rezo si zawadi ya Kinshasa

Tarehe 26 Desemba 2018, CENI ilitangaza kwamba wakaaji wa Beni na Butembo hawatamchagua rais pamoja na Wakongomani wengine. Sababu iliyotolewa: Ebola na usalama mdogo. Tarehe 30, watu wa Beni walipanga mistari na kupiga kura yao wenyewe, ya kuonyesha tu. Kesho yake, intaneti ikakatwa nchi nzima. Wakati ugonjwa ulipokuwa ukiua watu hapa, raia walikaa karibu siku 20 bila intaneti. Kwanza kura, halafu simu.

Mshauri mmoja wa Rais Joseph Kabila alieleza kwamba ni kuzuia matokeo ya uongo yasilete fujo. Hoja hiyo haijafa. Kila pakitokea jambo kubwa, wanatokea wanaosema: mitandao inaleta uvumi, basi ifungwe.

Ni kweli, uvumi unaua. Butembo haina haja ya kufundishwa hilo. Lakini kufunga kulizuia nini? Intaneti ilirudi Januari 2019. Mwezi wa Februari, ndani ya siku nne, vituo vya Ebola vya Katwa na vya Butembo vilishambuliwa na kuchomwa. Chuki ile haikuwa imepungua hata kidogo kwa sababu rezo ilikatwa. Uvumi hauna haja ya mega: unapita sokoni, kwenye moto, matangani. Ukifunga intaneti, anayenyamazishwa ni muuguzi, mkuu wa mtaa na redio waliotaka kuujibu. Anayekuficha habari ndiye anayeulisha uvumi.

Halafu ikaja feza. Mwaka 2020 ilianza kodi ya RAM: dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo ya 2G, dola 7 kwa simu ya 3G au 4G. Ilikatwa kidogo kidogo katika unite. Mama aliyetia unite ili amuite mtoto wake alikuta zimepungua kabla ya kusema "alo". Raia walilalamika, wabunge wakamwita Waziri Augustin Kibassa Maliba, na mwanzoni mwa 2022 kodi ikaondolewa. Vizuri. Lakini mkaaji wa Oicha au wa Mangina ana haki ya kuuliza: feza zile zilileta antene gani hapa? Kuondoa kodi si kutoa hesabu.

Mwezi wa Machi 2024, ARPTC ilikumbusha kwamba Starlink haina ruhusa. Mei 2025 ikaipa leseni. Ni hatua nzuri, lakini isitumiwe kama pazia. Familia iliyokimbia Kanyabayonga mwishoni mwa Juni 2024, ikalala kwa jamaa huko Butembo, haina feza ya kununua chombo cha satelaiti. Ina simu moja, ya watu wanane, na kutia chaji ni kulipa. Kwa simu hiyo inatafuta kama baba yuko hai, inapokea feza ya chakula, inauliza kama njia ya kurudi shambani iko wazi. Kwake bei ya mega si jambo la starehe.

Na katika vijiji vya Beni na Lubero, kuna pahali ambapo mtu anapanda kilima ili apate rezo. ADF wakiingia usiku, nani atapanda kilima kuonya majirani? Viongozi wanaomba raia watoe habari mapema. Watazitoa kwa njia gani?

Sheria ya telecom ya Novemba 2020 inakubali huduma kwa wote, na kuna fuko kwa kazi hiyo, FDSU, ili rezo ifike pahali ambapo kampuni za simu hazioni faida. Basi vijiji vinavyoshambuliwa vitangulie, visingoje miji ishibe. Tangu Goma ianguke Januari 2025, viongozi wa jimbo wanafanyia kazi Beni. Hawawezi tena kusema mambo haya yako mbali nao.

Kuna mambo matatu ya kudai, na yote yanawezekana. Moja: hesabu ya feza za RAM itangazwe wazi. Mbili: orodha ya vijiji vya Beni na Lubero vitakavyopata antene itolewe, pamoja na tarehe. Tatu: anayetangaza uongo na chuki afuatwe yeye mwenyewe mbele ya sheria, lakini rezo ya raia wote isikatwe tena, iwe wakati wa kura, wa ugonjwa au wa vita.

Wabunge waliochaguliwa hapa watakuja tena kuomba kura. Kabla ya kuwapa mkono, waulizwe haya matatu.